Walezi wa chuo: Watu wanaobeba maisha ya mwanafunzi nje ya darasa

MWANAFUNZI anayejiunga na chuo kidogo cha Kikatoliki hakutani kwanza na mhadhiri. Hukutana na bawabu langoni, halafu karani wa karo, halafu matroni anayemwonyesha kitanda na kumsomea kanuni za bweni. Jioni hupokea sahani kutoka kwa mpishi, na Jumapili humsikia kasisi.

Huenda wiki mbili zikapita kabla hajalijua vyema jina la mhadhiri wake wa falsafa, ilhali bawabu tayari anamtania kwa jina la kijiji chao.

Hao ndio wafanyakazi wa maslahi ya wanafunzi. Hawatungi mitihani wala hawatoi shahada, na siku ya mahafali majina yao ni nadra kusikika kwenye kipaza sauti. Hata hivyo, mwanafunzi anapougua usiku, anapofiwa, anapokosa karo au anapokata tamaa ya kuishi, mlango anaoubisha ni wao.

Kenya ina vyuo kadhaa vya aina hii. Hekima, kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka wa 1984, kipo kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi. Tangaza kilianzishwa mwaka wa 1986 na mashirika ya kitawa yaliyoamua kufundisha pamoja badala ya kila moja kujenga seminari yake, na kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2024. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, ambacho maaskofu wa kanda hii walikianzisha mwaka wa 1984, Papa Yohane Paulo wa Pili akakizindua rasmi Agosti 1985, na serikali ikakipa hati mwaka wa 1992. Hicho cha mwisho hakiwezi tena kuitwa kidogo.

Mbali na hivyo, kuna vyuo vya uuguzi vilivyoambatanishwa na hospitali za misheni, kama vile Nkubu katika kaunti ya Meru, Mathari kule Nyeri na Mukumu katika kaunti ya Kakamega. Hivi husahaulika upesi panapozungumziwa elimu ya juu, ingawa huenda ndiko malezi ya bwenini yanakohitajika zaidi, kwa kuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kushuhudia mgonjwa akikata roho saa nane za usiku na asubuhi yake akatakiwa darasani.

Barani Afrika mtindo wenyewe si mgeni. Chuo cha Pius wa Kumi na Mbili kilichofunguliwa na maaskofu huko Roma, Lesotho, mwaka wa 1945 kilianza na wanafunzi 5 tu. Chuo cha watu watano hakina idara ya maslahi ya wanafunzi. Anayefundisha asubuhi ndiye anayeuliza jioni kama kila mtu amekula. Mwaka wa 1964 chuo hicho kiligeuka kuwa chuo kikuu cha nchi tatu, ambazo leo ni Lesotho, Botswana na Eswatini, na kazi zilizokuwa mikononi mwa watu wachache zikagawanywa kuwa ofisi.

Tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo inayofafanua mengi. Katika chuo kikuu chenye maelfu ya wanafunzi, mkuu wa wanafunzi ni jina lililobandikwa mlangoni. Katika chuo chenye wanafunzi 300, ni mtu anayekutana nawe ukienda kuchota maji, na ambaye anajua kuwa hukuonekana kwenye chakula cha mchana jana na juzi.

Mshauri ambaye pia ni mshtaki

Cheo cha juu katika kundi hili nchini Kenya huitwa mkuu wa wanafunzi au, kwa kutohoa, dini wa wanafunzi. Watanzania humwita mshauri wa wanafunzi. Jina la Kitanzania limekaribia zaidi kiini cha kazi, ila linaficha upande mmoja wa shilingi. Mtu huyo huyo ndiye kwa kawaida hupeleka kesi za utovu wa nidhamu mbele ya kamati ya chuo.

Siku yake huliwa zaidi na pesa. Vyuo vingi vya kibinafsi haviruhusu mwanafunzi mwenye deni la karo kuingia katika chumba cha mtihani bila kadi iliyogongwa muhuri na ofisi ya fedha. Wiki moja kabla ya mitihani, foleni nje ya afisi ya mkuu wa wanafunzi huwa ya watu waliokwisha kukataliwa dirisha la mhasibu. Kuna ambaye baba amefutwa kazi, kuna ambaye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu umechelewa, na kuna ambaye alipewa karo nyumbani akaitumia kwa mambo mengine.

Mkuu wa wanafunzi hana hazina yake. Alicho nacho ni sauti mbele ya mhasibu, barua kwa parokia ya mwanafunzi, na wakati mwingine nafasi chache za kazi za vibarua chuoni kama kupanga vitabu maktabani au kufagia ukumbi. Uamuzi wake hauna mizani ya kupimia. Lazima atambue nani anasema kweli, na atambue kwa haraka.

Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi pia humwangukia. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2016 yaliondoa upigaji kura wa moja kwa moja na kuleta wajumbe wanaochagua viongozi kwa niaba ya wenzao, na yakaweka kikomo cha vipindi viwili vya mwaka mmoja mmoja. Sheria hiyo ilitungwa kufuatia fujo za vyuo vikubwa vya umma. Katika chuo ambako wapigakura wote wanaweza kuketi katika ukumbi mmoja, wajumbe hao ni mzigo tu, lakini sheria haikuwaza vyuo vya namna hiyo.

Anayesikia asihukumu

Ofisi ya pili ni ya kasisi wa chuo. Wengi hudhani kazi yake ni kuadhimisha Misa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka wa 1983, katika kanuni ya 813, unamtaka askofu wa jimbo kuwajali wanafunzi wa vyuo vikuu kwa bidii, ikibidi kwa kuwaundia parokia au kuwateulia mapadri wa kudumu. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, wa Agosti 15, 1990, uliongeza kwamba chuo kiwe na watu wa kutosha na wenye ujuzi kwa ajili ya kazi hiyo, wawe mapadri, watawa au walei. Kwa hivyo si lazima wahudumu wote wa kiroho wavae kanzu. Katika vyuo vingi mtawa wa kike au mlei ndiye anayeendesha makundi ya sala, kwaya na safari za kuwahudumia wagonjwa na wafungwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko lake la mwaka wa 1965 kuhusu elimu, uliwakumbuka hata Wakatoliki waliomo katika vyuo visivyo vya Kanisa. Kanisa la Mtakatifu Paulo kando ya University Way, Nairobi, linalowahudumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mfano unaojulikana na kila aliyesoma pale.

Lakini kanuni inayoeleza zaidi jinsi nyumba ya malezi inavyopaswa kujengwa ni fupi na haijulikani sana nje ya seminari. Ni ya 985. Inasema kwamba mlezi wa wanovisi na msaidizi wake, na gambera wa seminari au mkuu wa taasisi nyingine ya elimu, wasisikilize maungamo ya wanafunzi wanaoishi nao katika nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe kwa hiari yake katika jambo mahususi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwenye mamlaka ya kumfukuza mwanafunzi asiwe ndiye anayeyasikia makosa yake katika kitubio. Siri ya kitubio haivunjwi kwa lolote, na kanuni ya 984 inamzuia padri kuyatumia aliyoyasikia kwa namna yoyote ya kumdhuru mwungamaji, hata pasipo hatari ya siri kufichuka. Hata hivyo watunga sheria hawakutosheka na ahadi ya kunyamaza. Walitenganisha viti viwili kabisa.

Mantiki hiyo haiishii kwa mapadri. Chuo kinachomfanya mshauri nasaha wake kuwa katibu wa kamati ya nidhamu hakijavunja kanuni ya 985, ila kimejichimbia shimo lile lile ambalo kanuni hiyo ililifukia. Mwanafunzi aliyeota pombe usiku hatamweleza mshauri huyo chochote.

Kisha kuna wasio Wakatoliki, ambao katika vyuo vya aina hii nchini Kenya si wachache. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kinakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo linalokwenda kinyume cha imani yake. Waraka wa 1990 nao unataka dhamiri ya kila mmoja iheshimiwe. Kasisi mwenye busara huhesabu Waislamu wake mapema, akajua nani atafunga Ramadhani, akazungumza na mpishi kuhusu daku na futari. Kasisi asiye na busara husubiri malalamiko.

Funguo za bweni

Kama kuna mtu mmoja ambaye chuo kidogo hakiwezi kuendelea wiki moja bila yeye, ni matroni. Kazi yake haina saa za kuisha. Huamka kwa mwanafunzi mwenye pumu, hupatanisha wawili waliogombania kamba ya nguo, huzima taa zilizosahauliwa, na huhesabu vichwa.

Funguo alizo nazo ni suala la uhai na kifo. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos wakati huo. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Ilikuwa shule ya upili, wala si chuo, lakini tangu siku hiyo kila msimamizi wa bweni nchini anajua kwamba kufuli linalowalinda wanafunzi dhidi ya mwizi linaweza kuwafungia ndani ya moto. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na wizara mwaka wa 2008 ulitaka milango ifunguke kuelekea nje na madirisha yasiwe na vyuma. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Swali la kwanza analopaswa kujiuliza matroni basi ni jepesi: ufunguo wa mlango wa dharura uko wapi, na nani mwingine anaufahamu? Jibu likiwa ni mfukoni mwake, naye akawa amelala jengo la pili, hilo si jibu.

Matroni vilevile ndiye wa kwanza kujua msichana akiwa mjamzito. Zamani, katika vyuo vingi vya misheni, hatima ilikuwa moja, kurudi nyumbani na sanduku. Kifungu cha 27 cha Katiba sasa kinautaja ujauzito miongoni mwa misingi ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo. Hilo limebadilisha swali linalomkabili matroni. Badala ya kuwaza basi la saa ngapi litamrudisha binti kwao, huwaza kitanda cha chini, ruhusa ya kliniki na namna ya kuwaarifu wazazi bila kumwaibisha. Chuo kinachofundisha kwamba uhai ni mtakatifu hupimwa hapa kuliko kanisani.

Sheria iliyomtisha mgonjwa

Mshauri nasaha ni mgeni kiasi katika familia hii. Kwa miaka mingi kazi yake ilifanywa na kasisi na mtawa aliyejaliwa masikio. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliitambua kuwa taaluma inayohitaji mafunzo na usajili, na vyuo vikaanza kutenga chumba, mara nyingi kidogo na chenye ukuta mwembamba kuliko inavyofaa.

Kazi nzito zaidi mezani pake ni ya mwanafunzi aliyejaribu kujiua. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, kilimhesabu mtu huyo kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mshauri alijikuta njia panda. Akimpeleka mwanafunzi hospitalini na sababu iandikwe, polisi wangeweza kufika. Akinyamaza, angebaki na siri yenye sumu. Wako walioandika kwenye fomu kwamba mwanafunzi alikula kitu kibaya.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa miongoni mwa waliopeleka suala hilo mahakamani. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Kwa upande wa Kanisa, Katekisimu iliyotolewa mwaka wa 1992 inaendelea kufundisha kwamba kujiua ni kosa zito, ila inakiri kwamba maradhi ya akili na hofu kuu hupunguza dhima ya mtendaji, na inawaombea waliojiua badala ya kuwahukumu. Mshauri na kasisi wanaoyafahamu yote mawili, hukumu ya mahakama na mafundisho hayo, hufanya kazi kwa utulivu zaidi kuliko wanaokisia.

Bawabu wa Majorca

Kanisa limewahi kumtangaza bawabu wa chuo kuwa mtakatifu, na si mmoja. Alphonsus Rodriguez, mfanyabiashara wa sufu aliyezaliwa Segovia, Uhispania, mwaka wa 1532, alifiwa na mke na watoto kabla ya kupokewa na Wajesuiti akiwa bradha. Alipelekwa chuo cha Montesión mjini Palma, kisiwani Majorca, akalinda mlango kwa miongo kadhaa hadi uzeeni.

Miongoni mwa wanafunzi waliopita mlangoni pake ni Peter Claver, kijana aliyekuwa hajui afanye nini na maisha yake. Ni bawabu, wala si mwalimu, aliyemshauri aende Amerika. Claver alifika Cartagena, katika nchi ambayo leo ni Kolombia, mwaka wa 1610, akatumia maisha yake yote kuwahudumia Waafrika waliokuwa wakishushwa kutoka merikebu za watumwa. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwatangaza wote wawili watakatifu siku moja, Januari 1888.

Mwingine ni André Bessette wa Montreal, Kanada, bradha wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile linalohudumia parokia ya Dandora, Nairobi. Alikuwa mgonjwa mgonjwa na elimu yake ilikuwa duni, kwa hivyo alipewa kazi ya mlangoni katika chuo cha Notre-Dame, ambako alikaa takriban miaka 40. Alifariki mwaka wa 1937 na kutangazwa mtakatifu mwaka wa 2010.

Bawabu wa leo ana kazi ambayo hao hawakuijua. Aprili 2, 2015, magaidi waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa waliwapiga risasi walinzi langoni kabla ya kuwaendea wanafunzi, na watu 148 wakauawa. Baada ya hapo malango ya vyuo yalijaa vifaa vya kukagua mifuko na mengi yakakabidhiwa kampuni za ulinzi, ambazo huwahamisha askari wao mara kwa mara. Uamuzi huo unaeleweka. Ila askari anayehamishwa kila baada ya miezi mitatu hawezi kujua kwamba yule kijana anayetoka na begi kubwa usiku wa Jumanne alizikwa mamake Jumamosi.

Nani atawalipa

Kwa muda mrefu kazi nyingi kati ya hizi zilifanywa na watawa ambao hawakulipwa mshahara wa soko. Shirika lilimtuma sista kuwa matroni, naye alilala bwenini, alikula jikoni na hakudai saa za ziada. Watawa wanapopungua au kuhitajika kwingineko, chuo huajiri mlei mwenye watoto na nyumba ya kupanga. Mlei huyo ana haki chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, pamoja na mapumziko na likizo, na mwajiri humchangia hazina ya uzeeni na ada ya nyumba.

Ni haki yake. Lakini gharama hiyo huangukia karo, na karo ndiyo iliyoleta ile foleni nje ya afisi ya mkuu wa wanafunzi. Kuanzia mwaka wa 2016 serikali iliwapeleka baadhi ya wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vikuu vya kibinafsi, ikavilimbikizia madeni, kisha mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023 ukasitisha utaratibu huo. Chuo kinachobana matumizi hakimfuti mhadhiri kwanza, kwa kuwa bila yeye kozi haitambuliwi. Humwongezea matroni kazi ya ushauri nasaha, na humwomba kasisi asimamie nidhamu kwa muda. Neno "kwa muda" laweza kudumu miaka sita.

Mzazi anayempeleka mwanawe anaweza kuuliza machache kabla ya kulipa: nani hulala bwenini, mshauri amesajiliwa na nani, na je, anaketi katika kamati ya nidhamu? Kijitabu cha chuo aghalabu huonyesha picha za maktaba.

Muhula unapofungwa mabasi huwachukua wengi kuelekea Kisii, Machakos na Bungoma. Wachache husalia. Vyuo vya Kikatoliki vya Nairobi vina wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi na kwingineko, na si wote wenye mahali pa kurudi. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025, kijana wa huko hajawa na safari ya kupanga kwa urahisi. Kwa ajili ya hao, bweni moja huachwa wazi Desemba nzima, matroni mmoja hubaki kazini, na mpishi mmoja huulizwa kama anaweza kuahirisha likizo yake hadi Januari.